Ukoko wa kaboni juu ya pistoni ya pikipiki: unatoka wapi na unaashiria nini

Pikipiki imeanza kula mafuta kuliko desturi yake. Ikipanda mlima na abiria, injini inagonga. Ikizimwa, hukataa kuwaka kwa kiki ya kwanza. Fundi anafungua hedi, anamwita mwenye chombo na kumwonyesha kichwa cha pistoni: kimevaa ukoko mweusi, mfano wa wali ulioungulia chini ya sufuria. Ukoko unakwanguliwa, ringi mpya zinafungwa, fedha zinalipwa na pikipiki inarudi kijiweni. Baada ya miezi michache, mambo ni yale yale.

Kisa hiki hujirudia katika gereji nyingi za nchi jirani za Afrika Mashariki, ambako pikipiki ndogo za sisi 100 hadi 150, nyingi zikiwa za chapa za Bajaj na TVS kutoka India, zimekuwa tegemeo la riziki kwa vijana wengi. Kwa dereva wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba, siku ambayo injini imefunguliwa ni siku isiyo na kipato, ilhali hesabu ya mwenye mali inaendelea kudaiwa. Kufungua injini mara mbili kwa tatizo lile lile ni hasara inayoweza kumfanya aikose pikipiki yenyewe.

Jambo la msingi ni hili: ukoko wa kaboni ni dalili, si ugonjwa. Anayeukwangua bila kutafuta uliko anzia anafuta moshi ukutani na kuuacha moto ukiwaka.

Kaboni hutokana na nini

Petroli ni mchanganyiko wa kemikali ambazo sehemu yake kubwa ni kaboni na haidrojeni. Inapoungua kikamilifu, haidrojeni hugeuka mvuke wa maji, na kaboni huungana na oksijeni ya hewa, ikatoka katika ekzosi kama gesi ya kaboni dioksaidi. Ili petroli yote iungue namna hiyo, gramu moja inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Kulinda uwiano huo ndiyo kazi ya kabureta, na katika pikipiki mpya zaidi, ya mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta ndogo.

Hewa ikipungua, au mafuta yasipogeuka mvuke vizuri, sehemu ya kaboni hukosa oksijeni ya kuungana nayo. Nyingine hutoka kama gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi. Nyingine hubaki masizi, yakaganda juu ya pistoni, katika hedi, kwenye valvu na kwenye ncha ya plagi. Oili ya injini nayo, ikipenya hadi mahali pa moto, huungua vibaya zaidi kuliko petroli. Hugeuka utomvu mzito, kisha ukoko mgumu, na viungo vyake vya kemikali, kama vile kalisi na zinki, huacha majivu yasiyoungua kabisa.

Hata hivyo, hakuna injini ya petroli isiyo na alama ya kaboni. Utando mwembamba wa rangi ya kahawia au kijivucheusi juu ya pistoni ni jambo la kawaida. Katika injini nzima, joto huunguza masizi karibu kwa kasi ile ile yanayoongezeka, na utando haunenepi mno. Hitilafu ipo pale ukoko unapokuwa mnene, unapobanduka kwa magamba, au unapokuwa na unyevu wa oili.

Sababu ya kwanza: mafuta yanazidi hewa

Chanzo kilicho chepesi kukirekebisha, na ambacho aghalabu husahauliwa, ni chujio la hewa. Katika barabara za vumbi, chujio huziba upesi. Injini inavuta hewa kidogo, kabureta inaendelea kutoa mafuta, na mchanganyiko unakuwa mzito. Matokeo yake ni masizi makavu, laini, yanayotoka kwa kufutwa na kidole.

Chanzo kingine ni kabureta yenyewe. Choki iliyobaki imefungwa nusu baada ya kuwasha asubuhi, boya linalovuja au lililowekwa juu mno, sindano na jeti zilizoliwa na miaka ya kazi, au skrubu ya mchanganyiko iliyozungushwa kwa kukisia, vyote humimina mafuta kuliko mahitaji.

Mwinuko wa nchi nao una sehemu yake. Hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda: kwa kila mita 1,000, uzito wa hewa katika ujazo ule ule hupungua kwa takriban asilimia 10. Kabureta haina akili ya kulitambua hilo. Iliyosawazishwa kwa ajili ya Dar es Salaam au Mombasa, kwenye usawa wa bahari, itatoa mafuta ya kupita kiasi ikifikishwa Mbeya au Nairobi, ambako mwinuko unakaribia mita 1,700, na zaidi ikifika Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, penye takriban mita 2,000. Fundi wa nyanda za juu anayejua kazi yake huweka jeti ndogo zaidi au husawazisha upya kabureta. Asiyelijua hilo hulaumu pistoni.

Cheche dhaifu nayo huleta masizi, hata kama mchanganyiko uko sawa. Plagi iliyochakaa, au koili iliyochoka, huacha baadhi ya mafuta bila kuungua. Vivyo hivyo nafasi za valvu zisiporekebishwa kwa muda mrefu, kazi ambayo mafundi huiita kuseti tapeti: valvu isiyofunga sawasawa hupoteza mgandamizo, na moto wa ndani huwa hafifu.

Sababu ya pili: oili inapanda juu

Pistoni ya pikipiki ya kawaida ina ringi tatu. Mbili za juu huzuia gesi ya moto isishuke. Ya tatu hukwangua oili kutoka kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini. Ringi zikilika, zikivunjika, au zikinata katika mifereji yake kwa sababu ya kaboni, oili hubaki ukutani na kuungua katika kila mzunguko.

Njia ya pili ya oili ni valvu. Mguu wa valvu hupanda na kushuka ndani ya bomba dogo lenye sili ya mpira juu yake. Joto la miaka huufanya mpira huo uwe mgumu na kupasuka. Oili ya juu ya hedi hunyonywa kupitia hapo. Katika hali hii ringi huweza kuwa nzima kabisa, na kuzibadilisha hakutasaidia chochote.

Njia ya tatu husababishwa na mtumiaji mwenyewe. Injini nyingi za aina hii hubeba takriban lita moja tu ya oili. Ikijazwa kupita alama ya kijiti cha kupimia, oili hupigwa na sehemu zinazozunguka, ikapanda kupitia bomba la kupumulia la injini hadi kwenye kasha la chujio la hewa, na kutoka hapo kuingia katika kabureta na silinda. Bomba hilo likiziba, mgandamizo wa chini ya pistoni huisukuma oili ipite kwenye ringi.

Ni vema kufahamu kwamba sababu hizi mbili huzaana. Mafuta yanayozidi huosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuteremka kuichuja ile iliyo chini. Silinda inasuguana ikiwa kavu, inalika, kisha inaanza kupitisha oili. Aidha, dereva anayechoshwa na chujio lililoziba na kuamua kuliondoa kabisa ili injini ipumue, hujikuta ameruka majivu na kukanyaga moto. Vumbi linaloingia hufanya kazi ya msasa. Chujio lililoziba huleta masizi makavu; kukosekana kwa chujio huleta ukoko wa oili.

Sababu ya tatu: mafuta yaliyochakachuliwa

Mafuta ya taa huchemka kwa joto kubwa kuliko petroli. Yakichanganywa na petroli, hayageuki mvuke upesi, huungua nusu, huacha masizi, na sehemu yake huteremka kuichuja oili. Tena, uwezo wake wa kuhimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati ni mdogo, ndiyo maana injini hugonga.

Kishawishi cha kuchanganya kilitokana na tofauti ya bei, na serikali za eneo hili zimejaribu kukiondoa. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa. Kenya nayo iliweka mwaka 2018 tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa lengo hilo hilo la kuzuia uchakachuaji.

Petroli inayouzwa kwa chupa kando ya barabara ina hatari yake ya ziada, hata kama haikuchanganywa na kitu. Ikikaa juani, sehemu zake nyepesi hupotea hewani, na inayobaki ni nzito na ngumu kuwaka.

Namna ya kuusoma ukoko

Kabla ya kufungua injini, dereva anaweza kujua mengi kwa kutazama moshi na plagi.

– Moshi mweusi, plagi nyeusi na kavu yenye masizi laini: mafuta yamezidi hewa, au cheche ni dhaifu. Uchunguzi uanzie kwenye chujio, choki, kabureta na plagi. Hakuna haja ya kufungua injini.

– Moshi wa buluu unaotoka kwa wingi injini inapovutwa au inapobeba mzigo, plagi nyeusi yenye unyevu wa oili: ringi au silinda zinashukiwa.

– Moshi wa buluu unaotoka mara tu injini inapowashwa baada ya kulala usiku kucha, kisha ukapungua. Au unaotoka dereva anapoachia mafuta akiteremka mlima: sili za valvu zinashukiwa.

– Plagi ya rangi ya kahawia isiyokolea, bila moshi: injini inaungua vizuri, na ukoko mwembamba utakaoonekana ndani si wa kutia hofu.

Iwapo injini imekwisha kufunguliwa, fundi asikwangue kabla ya kutazama. Ukoko mkavu ulioenea sawasawa juu ya pistoni nzima huelekeza kwenye mafuta na hewa. Ukingo wa pistoni ulio safi na wenye unyevu, kana kwamba umeoshwa, ilhali katikati kuna ukoko, huashiria kwamba oili inapanda kupitia ringi. Uvimbe mnene mgongoni mwa valvu ya kuingizia hewa hushuhudia dhidi ya sili ya valvu hiyo.

Kipo pia kipimo cha mgandamizo, kinachofungwa mahali pa plagi. Kipimo kikionyesha mgandamizo mdogo, fundi hutia oili kiasi cha kijiko kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Mgandamizo ukipanda, ringi au silinda ndizo zilizolika, kwa kuwa oili imeziba nafasi yao kwa muda. Usipopanda, tatizo linaelekea kwenye valvu. Tahadhari moja: ukoko mnene huongeza mgandamizo wenyewe, hivyo kipimo kizuri huweza kuficha ringi zilizochoka.

Madhara yasiyoonekana

Kwa nini ukoko mdogo uwe na uzito hivyo? Hesabu nyepesi itaeleza. Chukua injini ya sisi 100 ambayo hubana mchanganyiko mara tisa. Nafasi inayobaki juu ya pistoni ikiwa imefika kileleni ni sisi 12.5 tu. Kaboni ikichukua sisi moja ya nafasi hiyo, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai, injini sasa inabana karibu mara 9.7. Kwa pistoni yenye kipenyo cha milimita 53, sisi moja ni ukoko wa unene unaokaribia robo ya milimita tu, ukitandazwa juu ya pistoni na hedi.

Mgandamizo huo wa ziada huhitaji petroli bora kuliko ile ambayo injini iliundiwa. Isipopatikana, injini hugonga. Isitoshe, kaboni haipitishi joto vizuri. Magamba yaliyochomoza hubaki mekundu kama makaa, yakawasha mchanganyiko kabla plagi haijatoa cheche. Pistoni inakuwa bado inapanda wakati moto unaisukuma chini. Alumini huyeyuka kwenye takriban nyuzi joto 660, na moto wa ndani ya silinda unapita nyuzi 2,000. Kinachoiokoa pistoni ni kupoza kwa wakati. Injini ikiendeshwa kwa muda mrefu katika hali hiyo, pistoni huweza kutoboka.

Gamba lililobanduka nalo huweza kukwama kati ya valvu na kikalio chake. Valvu haifungi, gesi ya moto inapenya, na ukingo wa valvu unaungua. Hapo gharama inavuka bei ya chujio na plagi kwa mbali.

Kukwangua bila kuharibu

Ukoko ukihitaji kuondolewa, pistoni ni ya alumini, madini laini yanayokwaruzwa kwa urahisi na bisibisi au msasa. Mikwaruzo hiyo huwa makao mapya ya masizi. Zana inayofaa ni kipande cha mti mgumu, cha plastiki au brashi ya shaba, baada ya kuulainisha ukoko kwa kuuloweka. Mifereji ya ringi isafishwe bila kupanuliwa. Vipande visiachwe vidondokee kwenye silinda au njia za oili, na gasketi ya hedi iliyokwisha kubanwa isirudishwe.

Mafundi wa zamani, walipohudumia injini zilizochakaa kiasi, walikuwa wakiacha duara jembamba la ukoko kwenye ukingo wa pistoni, kwa kuwa lilisaidia kuzuia oili isipande. Desturi hiyo yenyewe inathibitisha kwamba si kila kaboni ni adui.

Kosa kubwa zaidi ni kufunga ringi mpya katika silinda iliyolika. Silinda iliyotumika sana si duara kamili tena, na ukuta wake umekuwa laini kama kioo. Ringi mpya hazishiki humo; oili inaendelea kupita, na ukoko unarudi. Silinda ipimwe kwanza. Ikiwa imezidi kipimo cha mtengenezaji, ichongwe na kuwekewa pistoni ya ovasaizi, au ibadilishwe. Ikiwa haijazidi, ukuta wake upigwe msasa maalumu kabla ya ringi mpya. Dereva ana haki ya kumwomba fundi amwonyeshe kipimo hicho kabla ya kulipa.

Dawa za kusafishia injini zinazochanganywa na petroli huweza kulegeza baadhi ya masizi. Haziwezi kurudisha ringi iliyolika wala kulainisha sili iliyopasuka.

Kinga

Yanayoizuia kaboni ni mambo madogo yanayofanywa kwa wakati. Chujio la hewa likaguliwe mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi. La sifongo huoshwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo, la karatasi hupulizwa au hubadilishwa. Oili ibadilishwe kwa muda uliotajwa katika kitabu cha pikipiki na iwe ya pikipiki: alama ya JASO MA kwenye kopo humaanisha kwamba inafaa kwa klachi inayooga ndani ya oili hiyo hiyo. Kijiti cha kupimia kitazamwe kila juma, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Petroli inunuliwe katika kituo kinachotoa risiti. Choki irudishwe mara injini inapopata moto. Dereva naye asilazimishe gia kubwa akiwa na mzigo mlimani.

Mtu anayeandika katika daftari tarehe ya kubadilisha oili na kiasi anachoongeza kati ya safari mbili za gereji atagundua mapema kuliko fundi yeyote kwamba injini imeanza kula oili. Na siku fundi atakapomwambia kwamba pistoni imejaa kaboni, atakuwa na swali la kumuuliza kabla ya kukubali injini ifunguliwe: kaboni hiyo ni kavu, au ina oili?